Bila Matson na Toler, Hatuendi

Mwishoni mwa Novemba 1951, katika uwanja wa Rose Bowl mjini Pasadena, California, timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha San Francisco iliifunga Loyola 20–2. Ilikuwa mechi yao ya tisa msimu ule, na ushindi wa tisa. Hawakuwa wamefungwa na yeyote wala kutoka sare na yeyote. Kwa desturi ya vyuo vya Marekani, timu iliyomaliza msimu hivyo ilitarajia mwaliko wa kucheza moja ya mechi kubwa za Mwaka Mpya. Vijana wale walivua jezi wakijua hesabu yao imekamilika. Mwaliko waliostahili haukufika, na kabla Januari haijaisha chuo kilikuwa kimeamua kuivunja timu.

Nimefundisha michezo katika shule za sekondari za Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila nilipobandika ukutani orodha ya wanaosafiri nimeikumbuka timu hii. Futiboli yao siichezi wala sikuwahi kuifundisha. Ninachokijua ni kazi ya kujenga kikosi, na sijapata mfano mwingine unaoonyesha wazi namna hii kikosi hujengwa lini na kwa nini.

Mchezo wenyewe na mechi zake za heshima

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, maelezo mafupi yanatosha. Kila upande una wachezaji 11. Mpira umechongoka ncha mbili, na hubebwa mikononi au kurushwa. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, yaani zaidi kidogo ya mita tisa. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Anayefikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho amepata tachidauni, ambayo ni pointi 6, na baada yake timu hujaribu kuongeza pointi kwa teke. Wengine hubeba mpira. Wengine kazi yao yote ni kuwazuia wapinzani kwa vifua na mabega ili mbebaji apite. Hao wa pili hawaandikwi sana magazetini, lakini bila wao hakuna anayekwenda popote.

Vyuo vya Marekani havikuwa na mashindano ya mtoano ya kumpata bingwa. Waandishi wa habari walipiga kura kupanga timu kwa ubora, kisha Mwaka Mpya ikachezwa mechi za heshima zinazoitwa bowl. Kubwa zilikuwa nne: Rose Bowl ya Pasadena, Sugar Bowl ya New Orleans, Orange Bowl ya Miami na Cotton Bowl ya Dallas. Kwa kawaida kamati za wenyeji ndizo zilizochagua wageni, na chuo kilichoalikwa kilirudi nyumbani na sifa pamoja na fedha nyingi.

Tatu kati ya nne hizo zilikuwa Kusini, katika majimbo ambako sheria iliwatenga Weusi na Weupe shuleni, kwenye mabasi, hotelini na uwanjani. Kwa miaka mingi vyuo vya Kaskazini vilivyosafiri kwenda kucheza huko vilikubali kimyakimya kuwaacha nyumbani wachezaji wao Weusi. Mwaka 1940 Chuo Kikuu cha New York kilimwacha Leonard Bates kilipokwenda kucheza Missouri. Wanafunzi saba walioongoza maandamano ya kupinga wakasimamishwa masomo mwaka uliofuata. Chuo chao kiliwaheshimu hadharani mwaka 2001, miaka 60 baadaye.

Vijana wa baada ya vita

Vita Kuu ya Pili ilibadili sura ya vyuo. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia ada na posho askari waliorudi, na madarasa yakajaa wanaume waliokwisha kuona mengi. Mmoja wao alikuwa Gino Marchetti, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano aliyekulia Antioch, California. Alipigana Ulaya katika majira ya baridi kali ya mwishoni mwa 1944, kwenye mapambano ya Ardennes. Aliporudi alisoma chuo kidogo cha Modesto, kisha akaja San Francisco. Kijana wa namna hiyo si rahisi kumtisha kwa filimbi ya kocha.

Burl Toler alitoka Memphis, Tennessee. Ollie Matson alizaliwa Trinity, Texas, na familia yake ikahamia San Francisco angali kijana. Wote wawili walikuwa Weusi waliozaliwa Kusini, na walikutana katika chuo cha jiji cha San Francisco, ambako mwaka 1948 walicheza pamoja katika timu ambayo haikufungwa msimu mzima. Kutoka hapo wakahamia Chuo Kikuu cha San Francisco, taasisi ya mapadri Wajesuiti iliyo kilimani karibu na bustani ya Golden Gate.

Bob St. Clair alikuwa mtoto wa palepale mjini. Shule yake ya sekondari ilitazamana na uwanja wa Kezar, ambako timu ya chuo ilichezea nyumbani. Urefu wake ulipita mita mbili. Habari za timu ziliandikwa na kusambazwa na kijana aitwaye Pete Rozelle, aliyekuwa ofisa habari wa michezo wa chuo. Aliwapigia simu waandishi, akawapelekea takwimu, akahakikisha jina la Matson linasomwa hadi New York.

Kocha aliitwa Joe Kuharich, mzaliwa wa South Bend, Indiana, aliyekuwa amecheza chuo cha Notre Dame na baadaye katika ligi ya kulipwa. Alikuwa mkali. Kabla ya msimu aliwapeleka vijana wake Corning, mji mdogo wa mashamba ya mizeituni kaskazini mwa California, ambako jua la Agosti halina huruma. Waliofanya mazoezi yale waliyasimulia hadi uzeeni: joto, vumbi, kurudia zoezi lilelile mpaka miguu ikatae.

Hapo Corning ndipo ninapoangalia mimi. Wasimulizi wengi huikimbilia siku ya kukataa, kwa sababu ndiyo yenye msisimko. Mwalimu wa michezo huangalia wiki ambazo hakuna mtazamaji. Mtoto wa Mwitaliano aliyetoka vitani, kijana Mweusi wa Memphis na mrefu wa San Francisco walikula meza moja, wakaugua joto moja, wakatukanwa na kocha mmoja. Toler kazi yake ilikuwa kuangusha wapinzani na kulinda. Marchetti aliamini kwamba Toler atakuwa pale anapotakiwa kuwa, na Toler aliamini hivyohivyo kuhusu Marchetti. Imani hiyo haiji kwa hotuba. Inakuja mtu anapokuwa pale mara mia bila kukosa.

Mechi tisa

Walianza kwa kuifunga San Jose State 39–2. Idaho ikafuata, 28–7. Wanajeshi wa majini wa kambi ya Pendleton hawakupata hata pointi moja, 26–0. San Jose State waliporudiana nao walifungwa tena, 42–7.

Oktoba wakavuka nchi nzima kwenda New York kucheza na Fordham. Safari hii ilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa waandishi waliopiga kura wengi walikuwa Mashariki na hawakuwahi kumwona Matson kwa macho yao. Siku hiyo walimwona. Mara mbili Fordham walipoanzisha mchezo kwa kuupiga mpira mbali, Matson aliudaka karibu na mstari wake na kukimbia nao uwanja mzima hadi tachidauni. San Francisco walishinda 32–26, na hiyo ndiyo ilikuwa mechi yao ngumu kuliko zote.

Mwezi huohuo, Stillwater, Oklahoma, kulitokea jambo lililoonyesha hali ya nchi. Johnny Bright, mchezaji Mweusi wa chuo cha Drake, alivunjwa taya kwa pigo la mchezaji wa Oklahoma A&M wakati hata hakuwa na mpira. Wapigapicha wawili wa gazeti la Des Moines walinasa tukio lote, hatua kwa hatua, na picha zao zikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1952. Vijana wa San Francisco hawakuhitaji kuelezwa Matson na Toler wanakabili nini kila wanapoingia uwanjani.

Kikosi cha jeshi la majini cha San Diego kikafungwa 26–7, kisha Santa Clara, mahasimu wa jirani, nao 26–7. Katikati ya Novemba wakaenda Stockton kucheza na College of the Pacific, timu iliyosifiwa kote California. Kila mmoja alijua kamati za bowl zinaitazama mechi hii. San Francisco walishinda 47–14. Wiki iliyofuata ikawa Loyola, 20–2, na msimu ukafungwa.

Hesabu za Matson peke yake zilitosha kumaliza ubishi: yadi 1,566 za kukimbia katika mechi tisa, nyingi kuliko za mchezaji yeyote wa vyuo nchini mwaka huo, na tachidauni 21. Tena alicheza pande zote mbili, kushambulia na kulinda. Katika kura za tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, aliwekwa wa tisa.

Sharti

Ujumbe uliowafikia wachezaji, kama walivyousimulia wenyewe maisha yao yote, ulikuwa mwepesi kuuelewa: nafasi ya bowl ya Kusini ipo, mradi wawaache nyumbani Matson na Toler. Orange Bowl ndiyo iliyotajwa zaidi. Kuharich aliwaeleza vijana wake.

Hawakupiga kura. Hakuna aliyeomba wajadili wakiwa peke yao, na hakuna aliyependekeza Matson na Toler wajitolee kubaki kwa faida ya wenzao. Jibu lilikuwa hapana, na likatolewa kama jambo ambalo halihitaji kufikiriwa.

Naomba msomaji alipime jambo hili kwa macho ya mchezaji wa kawaida wa timu ile, yule ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote. Amezuia na kuanguka mwaka mzima. Hatakwenda ligi ya kulipwa. Mechi ya Mwaka Mpya mbele ya maelfu ya watu ingekuwa kilele cha maisha yake ya michezo, jambo la kuwaonyesha wajukuu. Yeye si Mweusi, na sharti halimgusi. Naye pia alisema hapana. Kwangu huyo ana heshima sawa na mashujaa waliopata sanamu na medali.

Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1948 wachezaji wa chuo cha Lafayette, Pennsylvania, waliikataa Sun Bowl ya Texas baada ya kuambiwa mwenzao David Showell hawezi kucheza. Mwaka huohuo Penn State walikwenda Dallas na wachezaji wao Weusi, Wally Triplett na Dennis Hoggard, wakatoka sare ya 13–13 na chuo cha SMU katika Cotton Bowl. Kwa hiyo mwaka 1951 ilikwishajulikana kwamba mlango unaweza kufunguka wenyeji wakitaka. Waliochagua Orange Bowl waliwaita Georgia Tech na Baylor.

Walioitetea hali ile walisema ratiba ya San Francisco ilikuwa nyepesi, na ni kweli kwamba waandishi waliiweka timu hiyo nafasi ya 14 tu. Lakini College of the Pacific, waliofungwa 47–14 na vijana hawa, walialikwa Sun Bowl Januari 1952. Kama ratiba ndiyo iliyokuwa kikwazo, aliyefungwa angewezaje kupata nafasi aliyenyimwa mshindi?

Gharama

Futiboli ya vyuo ilikuwa imeanza kuwa ghali mno kwa vyuo vidogo vya Kikatoliki vya pwani ile. Timu ya kulipwa ya 49ers ilianzishwa mwaka 1946 na ilichezea Kezar hapohapo, ikivuta watazamaji wale wale. Televisheni nayo ilianza kuwabakiza watu nyumbani. Saint Mary's waliacha baada ya msimu wa 1950. Loyola waliacha baada ya 1951, na Santa Clara baada ya 1952. San Francisco walikuwa na nakisi ya makumi ya maelfu ya dola, na fedha za bowl ndizo zilizotazamiwa kuipunguza.

Fedha hizo hazikuja, na uongozi wa chuo ukatangaza mwisho wa timu. St. Clair, aliyebakiza mwaka mmoja wa masomo, ilimbidi ahamie chuo cha Tulsa ili acheze. Siwezi kusema kwamba mwaliko mmoja ungeiokoa timu kwa miaka mingi, maana hata majirani waliokuwa na historia ndefu walifunga. Ila vijana walijua chuo kina shida ya fedha, na walijua hapana yao ina bei. Waliitamka wakiijua bei hiyo.

Walikofika

Kilichofuata kinashangaza hata wanaoijua ligi ya Marekani vizuri. Wachezaji watatu wa timu ile moja waliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ya kulipwa: Matson na Marchetti mwaka 1972, St. Clair mwaka 1990.

Matson alianza na mbio. Katika Olimpiki ya Helsinki ya 1952 alipata medali ya shaba ya mita 400, na fedha katika kupokezana vijiti 4 x 400, nyuma ya Jamaica. Kisha akajiunga na Chicago Cardinals. Mwaka 1959 Los Angeles Rams walipomtaka, ilibidi watoe wachezaji tisa kwa ajili yake mmoja. Mtendaji aliyesimamia mabadilishano hayo upande wa Rams alikuwa Pete Rozelle, yule ofisa habari wa zamani. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 33, Rozelle alichaguliwa kamishna wa ligi nzima, na akaiongoza hadi 1989.

Marchetti alikuwa nguzo ya Baltimore Colts. Katika fainali ya 1958 dhidi ya New York Giants alivunjika mguu, na alipobebwa kwa machela aliomba awekwe kando ya uwanja aendelee kuwatazama wenzake. St. Clair alicheza 49ers, akarudi Kezar yake ya utotoni, na akawa pia meya wa Daly City.

Habari ya Toler ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Majira ya kiangazi ya 1952, katika mechi ya nyota wa vyuo huko Chicago, aliumia goti vibaya, na ndoto ya kucheza ligi ya kulipwa ikaishia pale. Akawa mwalimu, na baadaye mkuu wa shule San Francisco. Mwaka 1965, Rozelle akiwa kamishna, ligi ilimwajiri Toler kuwa mwamuzi, Mweusi wa kwanza kuchezesha ligi hiyo. Alivaa jezi ya waamuzi kwa misimu 25. Januari 1980 alichezesha Super Bowl ya 14, fainali ya ligi nzima, akiwa Mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo. Ilichezwa Rose Bowl, Pasadena, uwanja uleule alikomalizia msimu wa 1951. Yule aliyetakiwa abaki nyumbani ili mechi kubwa ichezwe, sasa filimbi na sheria za mechi kubwa kuliko zote zilikuwa mikononi mwake na wenzake.

Mwaka 2006 chuo kiliwapa wachezaji waliokuwa hai shahada za heshima. Toler alifariki mwaka 2009, Matson 2011, St. Clair 2015, Marchetti 2019.

Somo kwa wanaojenga timu

Watu wengi wakisikia habari hii husema: vijana wale walikuwa majasiri. Ni kweli. Lakini nikiwaambia wanafunzi wangu hivyo tu, nawapa sifa ya kuistaajabia na siwapi kitu cha kufanya. Ujasiri wa siku moja hauelezi kwa nini kikosi kizima kilitoa jibu moja bila kujadiliana. Kinachoeleza ni kwamba jibu lilikwisha kuiva zamani. Liliivia Corning kwenye vumbi, safarini, katika bweni, na katika kila mchezo ambapo mzungu mmoja alilindwa na Mweusi mmoja na kinyume chake. Sharti lilipoletwa mezani, lilikuta watu ambao hawakuwa tena na namna ya kuitamka timu yao huku wakiyaruka majina mawili.

Hata kwetu orodha ya safari huja na masharti, ingawa si ya rangi. Huyu hajalipa mchango wa nauli. Yule ametoka shule nyingine juzi, hatumjui kwao. Mwingine lafudhi yake inachekwa, au kabila lake halipendwi na mzazi mwenye gari. Nimeona timu zenye vipaji zikikubali kumwacha mtu kwa sababu ndogo kama hizo, na kila mara ilikuwa timu ambayo hata mazoezini watu walikaa kwa mafungu.

Kwa hiyo kocha kijana akija kuniuliza aanzie wapi, simwelekezi kwenye mbinu. Namwambia atazame wakati wa kunywa maji ni nani anasimama peke yake, kwenye basi ni kiti gani kinaachwa wazi, na mchezaji akiumia ni nani anamsindikiza zahanati. Ayarekebishe hayo mwezi wa kwanza, wakati hakuna kombe wala mfadhili. Toler na Matson walipata watetezi msimu ulipokwisha kwa sababu walikuwa na wenzao tangu Agosti.